Choo cha Bati cha Mwenyekiti

Msiniulize habari za vyoo kama mnataka jibu fupi. Mimi Bhoke nimekuwa na mgahawa hapa Mwisenge, Musoma, tangu enzi za ruksa. Nimelisha madereva, walimu, wavuvi, hata mapadri waliokuwa wanapita kwenda Nyegina. Watu wakikiona kile kibali changu kimebandikwa ukutani, na mhuri wa Kamati ya Afya umefifia, wanadhani nilikipata kama watu wengine wanavyopata, kwa kwenda ofisini na kurudi. Ebo! Kaeni chini niwaeleze.

Nyie wa siku hizi hamjui. Tulitoka kwenye miaka ya foleni, sukari foleni, sabuni foleni, tukawa tunafulia majani ya mpapai. Halafu ikaja ruksa. Mitumba ikamwagwa sokoni, sabuni ikarudi madukani, na mwenye sufuria akaambiwa anaweza kuuza alichopika. Sufuria nilikuwa nayo. Nikatafuta benchi na jiko la mkaa, nikakaa karibu na stendi: asubuhi chai na mandazi, mchana ugali kwa sato, na siku sato akiwa adimu, furu, wale samaki wadogo wa mifupa.

Mume wangu Werema alikuwa utingo wa lori la pamba, lori linaloshinda gereji Bunda kuliko barabarani, kwa hiyo nyumbani alikuwa anakujaga kwa kubahatisha. Mama mkwe alibaki Mugeta na ng'ombe wake. Mji hakuutaka kabisa, alisema unanuka samaki. Basi katika ile nyumba ya Mwisenge tulikuwa mimi, binti yangu Gati ambaye bado nilikuwa nambeba mgongoni, na baba mkwe wangu, Mzee Machage.

Mzee Machage alikuwa amestaafu kazi ya josho. Maisha yake yote alisimama kwenye josho la mifugo, anahakikisha kila ng'ombe ameingia upande huu na kutokea upande ule akiwa amelowa dawa mpaka masikio. Alipokuja kukaa mjini kwa ajili ya kutibiwa mguu, watu wakamwona mzee mnyoofu, wakamchagua mwenyekiti wa Kamati ya Afya. Akatuchukua sisi badala ya ng'ombe wake. Anapita na fimbo yake, anachungulia mashimo ya takataka, akikuta maji yametuama anasimama hapohapo bila kusema kitu mpaka mwenye nyumba atoke mwenyewe na jembe. Watu walimwogopa, lakini walimpenda, maana hakuwa mtu wa kupelekewa kuku.

Mimi na yeye tulikuwa hatuongei. Msinielewe vibaya, hatukuwa na ugomvi! Ni heshima. Kwetu Wakurya mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawakai benchi moja. Chakula nampelekea nimeinama, naweka, natoka. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mtoto. Gati tulimpa jina la mama mzazi wa mzee, kwa hiyo mzee alikuwa anamwitaga mama. "Mama," anamwambia mtoto ambaye hata meno hajaota, "mwambie anayekubeba kwamba uji wa leo umekaa vizuri." Nami najibu, "Gati, mwambie babu asante." Gati mwenyewe anatoa mate tu. Tuliishi hivyo kwa raha kabisa.

Sasa choo. Hapo ndipo pana kazi. Mkwe haingii choo anachoingia baba mkwe, wala baba mkwe haingii anachoingia mkwe. Hata kukitaja tu mbele yake ni aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Na mtoto wa kiume naye, akishatahiriwa, haingii alimoingia baba yake. Mimi nilipoletwa pale nimeolewa, nilikuta choo nyuma ya nyumba, na si choo cha mchezo: ukuta wa tofali, bati jipya linalong'aa, mlango wa mbao, sakafu ya simenti. Simenti, jamani, miaka ile! Mtu alikuwa anaisotea ofisi hii na ile mpaka viatu vinaisha. Nikasema moyoni, hiki ni cha mzee, cha nani kingine? Nikakiheshimu. Nikawa naenda kwa jirani yangu Mama Jenoveva, ng'ambo ya ua wa minyaa. Werema naye akija anajiendea kwa rafiki yake kinyozi. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa halisemeki.

Mwaka ule kipindupindu kikaingia. Bwana Afya wetu alikuwa Renatus, kijana wa Nyegina, mpole, kila siku na buti zake za mpira. Alifunga migahawa yote, na wangu humohumo. Sikumlaumu, watu walikuwa wanaugua kweli, na waliolazwa tuliwajua kwa majina. Nikabeba benchi langu kichwani, nikarudi nyumbani. Lakini ugonjwa ulipotulia, kamati ikaketi kutunga masharti ya kufungua tena, na aliyeyatunga kwa kichwa chake mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, alikuwa baba mkwe wangu.

Yalisomwa sokoni kwa kipaza sauti. Nyumba ya mtu anayeuza chakula kilichopikwa lazima iwe na choo. Choo hicho kiwe kinatumika na watu wa nyumba hiyo. Kamati itakwenda kukikagua kwa macho yake. Asiyetimiza hapewi kibali, hata awe nani. Hilo la "hata awe nani" Mzee Machage alilirudia mara mbili, halafu akasema, "Waanzie kwangu."

Mimi nilipiga kigelegele pale pale sokoni. Nani ana choo kizuri kama chetu? Nikaona benchi langu limesharudi stendi. Na niseme wazi, ule mgahawa ndio uliokuwa unatuwekea chungu jikoni, lakini si hilo tu. Pale stendi nilikuwa mtu. Madereva wa Bunda walikuwa wananiita kwa jina langu, wakikosa mandazi yangu wananuna. Nyumbani nilikuwa mkwe wa kutembea nimeinama. Ukinifungia mgahawa, umenifungia mimi.

Siku ya ukaguzi kamati ikaja asubuhi. Mbele Mzee Machage, amevaa koti lake la Krismasi. Nyuma yake Renatus, Mama Jenoveva aliyekuwa mjumbe wa akina mama, Enoka mwalimu aliyekuwa katibu, na Burito mvuvi, mtu wa mabega. Mimi nilijibanza mlangoni pa jiko, Gati mgongoni, nasikiliza kwa masikio yote mawili.

Mlango wa choo ukagoma kufunguka. "Umevimba na mvua," mzee akasema. Burito akausukuma kwa bega, ukaachia kwa kishindo, na kitu cha kwanza kutoka humo ndani kilikuwa kuku wangu mwekundu. Alitoka kwa makelele yote ya duniani, akapita juu ya kofia ya mwenyekiti, akatua kwenye minyaa. Yule kuku nilikuwa nimemtafuta mpaka nimewasingizia majirani wizi! Kumbe alikuwa anaingilia kwenye kidirisha cha juu, na pembeni pale kwenye simenti safi amejikusanyia majani yake, mayai yamejaa.

Renatus akaingia, akapangusa utando wa buibui usoni. Akainua kifuniko cha shimo, akawasha tochi, akainama kwa muda. Alipotoka alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Mzee mwenyekiti," akasema taratibu, "hiki choo hakijawahi kutumika."

Mzee akacheka. "Bwana Afya, una utani wewe. Kinatumikaga kila siku."

"Kinatumiwa na nani?"

Mzee akavua kofia, akakung'uta manyoya ya kuku. Mimi kule jikoni ilibaki kidogo nipige kelele, "Na yeye! Si ni chake?" Mama Jenoveva, ambaye alijua vizuri mno mimi ninakoendaga kila asubuhi, alianza kukohoa ndani ya khanga yake, na kile kikohozi hakikuwa cha kifua.

"Na watu wa nyumba," mzee akasema mwishowe. Akasogea, akachungulia mwenyewe. Akayaona mayai. Akaona buibui, akaona kile kifuniko bado kina alama za penseli za fundi seremala. "Lakini mimi nilimwachia..." akasema, halafu akakata sauti, akageuza uso wake mbali na jiko.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee alikuwa ameniachia mimi! Na mimi nilikuwa nimemwachia yeye. Tangu siku nilipoletwa, kila mmoja anampisha mwenzake kwa heshima, na choo kimekaa katikati kinamlea kuku. Na yeye mwenyewe alikuwa anakwenda wapi? Nikakumbuka kila alfajiri anavyoshika fimbo na kuteremka kwenye majabali ya ziwani, na ule mguu wake mbovu, nami nikadhani anakwenda kusali. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikashindwa kuchagua.

Renatus alikuwa mtu mwema. Akamsogelea mzee akasema kwa sauti ya chini, ila Mwisenge hakuna sauti ya chini, "Mzee, tusikuze jambo. Leo mmoja wenu aanze kukitumia, kesho nipite, niandike kinatumika, yaishe."

"Na yule mwingine aende wapi?"

Renatus akatoa daftari lake.

"Andika," mzee akasema.

"Niandike nini?"

"Andika ulichokiona. Andika kuku."

Basi nyumba ya kwanza kunyimwa kibali Mwisenge nzima ikawa ya mwenyekiti wa kamati, kwa masharti aliyoyatunga mwenyekiti wa kamati. Nyumba zilizofuata zikapita, moja baada ya nyingine, zikasifiwa kwa usafi. Wiki haikuisha, wenzangu walikuwa stendi wanapepea mikaa. Mimi nilikuwa nyumbani napepea hasira.

"Mama Gati," Mama Jenoveva akanitania juu ya minyaa, "sisi vyoo vyetu vinatuletea nzi tu. Chenu kinataga!"

"Toka hapa," nikamwambia, lakini nilicheka, ungefanyaje? Akajitolea awe mjumbe kati yangu na mzee, apeleke maneno nisiyoweza kuyasema. Nilikataa. Mama Jenoveva nampenda, lakini ukimwambia jambo asubuhi, jioni linajulikana mpaka Butiama.

Tangu siku ile nyumbani kukabadilika. Mzee anakula, hasifii uji. Anatoka kwenda majabalini amenyoosha shingo asilitazame jiko. Nilikuwa nangoja kamati ikae tena, nikiamini atatumia uenyekiti wake kulegeza kidogo. Nani asingefanya? Mkutano ulipokwisha, Mama Jenoveva alikuja mbio, ushungi umemdondoka, akanisimulia yote huku anajipiga mapaja.

Mzee alisimama, akasema, "Masharti haya niliyatunga mimi, na yamenishinda mimi wa kwanza. Sasa nataka kuuliza, na asiseme mtu kwamba nimevunja adabu. Burito, nyumbani kwako una choo?"

"Ninacho, mwenyekiti. Kimepita, hata mke wangu amepata kibali cha chakula chake."

"Wewe mwenyewe unaendaga wapi?"

Burito, na mabega yake yote, akatazama chini. Alikuwa anaishi na mke wa mwanawe. "Majabalini," akasema.

"Mwalimu Enoka?"

Enoka alikuwa amemchukua mama mkwe wake kumuuguza. "Shuleni," akasema. "Likizo nazo... majabalini."

Renatus akaacha kuandika. "Ina maana yale majabali yote ya ziwani..."

"Yote," Burito akajibu. "Asubuhi tunasalimianaga huko. Kila mtu na lake."

Wakacheka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini Renatus hakucheka sana. Alisema mvua ikinyesha, vya majabalini vinateremka ziwani, na ndoo zetu tunachota palepale chini. Vicheko vikazimika. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyelazwa mwaka ule.

Ndipo Mzee Machage akaongeza sharti. Nyumba anamoishi mtu na mkwe wake, vyoo viwe viwili. Na Bwana Afya asitazame mlango na bati tu, amuulize kila mtu mzima wa nyumba hiyo, kwa kinywa chake mwenyewe, kipi ni chake. "Nimesimama joshoni maisha yangu yote," akasema. "Josho hatukulihesabu kwa sababu limejengwa. Tulihesabu ng'ombe aliyetoka amelowa."

"Lakini mzee," Renatus akasema, "nimuulize mkwe habari za choo mbele ya baba mkwe wake? Si atakimbia?"

"Wewe utauliza. Baba mkwe atatazama ziwani."

Ikapita. Nyumba zote zilizokuwa na wakwe zikapewa muda zichimbe cha pili, huku migahawa yao ikiendelea, maana vibali walikuwa navyo tayari. Na yetu? Yetu ilikuwa haina kibali, kwa hiyo lazima vyoo viwili kwanza. Mama Jenoveva aliona hilo ni zuri sana, ni haki tupu. Mimi nilichemka! Nilikuwa nimepungukiwa na kibali tu, sasa nimepungukiwa na kibali na choo, na aliyeniongezea ni mtu ninayempikia uji!

Jioni ile nilipompelekea chakula nilisimama kidogo zaidi ya kawaida, nikasema kwa nguvu, "Gati, mwambie babu yako wenzetu wanauza mandazi."

Nilirudi jikoni najuta na sijuti.

Kesho yake asubuhi nikasikia jembe. Nikachungulia. Mzee Machage, amevua koti, amebaki na fulana, yuko mwisho kabisa wa kiwanja, anachimba. Ardhi ya Musoma mnaijua, ukichimba kidogo unagonga jiwe. Akagonga jiwe. Akahamia pembeni, akaanza upya, akagonga lingine. Akahamia tena. Mguu ule mbovu ameunyoosha pembeni, anachimba kwa mmoja. Kumnyang'anya jembe siwezi, kumsogelea akiwa na fulana siwezi, kumwambia apumzike siwezi. Niliweka maji ya kunywa kwenye jiwe nikarudi nyuma, roho inaniuma kwa yale maneno ya mandazi.

Nikaenda kwenye minyaa. "Mama Jenoveva! Leo ule mdomo wako nauhitaji. Nenda ukawaambie wanakamati kwamba mwenyekiti wao anakufa shimoni."

Haki ya Mungu, maji hayakuwahi kuchemka, wakawa wamefika. Burito na mtaimbo, Enoka na sepetu, Renatus akavua zile buti zake akaingia shimoni miguu mitupu. Mzee aliwafokea kwamba wamekuja kumdharau, wakamwitikia "ndiyo mwenyekiti, ndiyo mwenyekiti," huku wanachimba. Mimi nilifurahi mpaka nikawakaangia mandazi ya bure, unga wangu wa mwisho. Siku mbili hizo kiwanja chetu kilikuwa na kelele kuliko harusi. Werema naye akatokea na lori, limepona, amebeba fito na nyasi za kuezekea alizopewa na binamu yake Butiama. Aliponiuliza kulikoni nikamwambia amuulize baba yake. Alicheka sana, akachukua jembe.

Kikasimama: ukuta wa udongo, paa la nyasi, mlango wa fito. Wakaenda zao, Werema akaondoka na lori lake, na ukaguzi ukapangwa kesho yake. Nami nilijua la kufanya. Kile cha bati kiko karibu na nyumba, kina simenti, na mzee ana mguu. Hicho ni chake. Hiki cha nyasi kule mwisho ni changu, na ndiyo maana alihangaika kukichimba. Nikamhamisha kuku mwekundu na mayai yake kwenye kikapu, alinidonoa mkono mpaka damu. Nikachukua ungo wa majivu na ufagio, Gati mgongoni, nikaelekea kwenye choo changu kipya.

"Mama!"

Nikaganda. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigogo chini ya upenu. Sauti ile alikuwa hajawahi kuitumia ndani ya nyumba, ilikuwa ya joshoni. Nikageuka nusu, nikainama, nikamweka Gati vizuri ili amwone.

"Mama," akamwambia mtoto, sasa taratibu, "mwambie anayekubeba asipeleke majivu kule. Kule ni kwangu." Akavua kofia, akajifuta uso nayo, akaishika mikononi. Nilisikia anavyohema. "Ile nyumba ndogo ya bati, niliichimba siku Werema aliponiambia amepata mwenzake. Simenti niliitafuta mpaka nikachekwa. Wewe mama hukuwepo... au ulikuwepo, wewe ndiye uliyempokea mama yake Werema alipoolewa kwangu. Alikuta kichaka tu, choo hakuna. Mchana kutwa alikuwa anajizuia, anasubiri giza, na fisi walikuwepo. Sikumchimbia. Nilisema huyu anayekuja, yeye asisubiri giza. Ndiyo hivyo. Mwambie tangu mwanzo ilikuwa yake."

Akainuka, akachukua fimbo, akatoka njiani bila kofia, kofia ameisahau kwenye kigogo.

Mimi nilibaki na ungo wangu. Nilikumbuka siku niliyofika, bati linang'aa, nami nikainamisha macho nikapita pembeni. Mtu amenijengea hajanijua hata jina, nami nikapita pembeni, na yeye akaona napita akadhani najificha kwa adabu. "Gati," nikaanza, "mwambie babu..." Nikalia palepale, machozi yakaingia kwenye majivu. Kisha nikageuza ungo, nikaenda kwenye choo cha bati, nikafagia buibui wote, nikapiga deki ile simenti mpaka ikawa inateleza. Na asubuhi nikakitumia. Zaidi ya hapo siwaambii.

Kamati ikaja. Mzee amevaa koti lake. Walipofika nyuma ya nyumba hakungoja kuambiwa, akatupa mgongo, akasimama anatazama ziwa. Renatus akafungua milango yote miwili, akainua vifuniko, akaridhika. Kisha akanijia, masikio yamemwiva kwa aibu, maskini.

"Mama Gati. Samahani. Ni masharti. Kipi ni chako?"

Wote wakanitazama. Mama Jenoveva hakukohoa safari hii. Ningeweza kunyoosha kidole tu, au kunong'ona, au kumwambia Gati, na kila mtu angeelewa. Lakini sharti la mzee lilisema kila mtu ajibu kwa kinywa chake mwenyewe, na yeye alikuwa ametupa mgongo akisubiri kusikia. Nikainua kichwa. Nilisema kwa sauti yangu ya stendi, ile ya kuitia madereva:

"Cha bati ni changu! Nilichimbiwa na baba kabla sijafika. Nilichelewa kujua."

Renatus alishika kalamu hajui aandike lipi. Mzee Machage hakugeuka. Nilimwona kwa nyuma, mkono umekaza kwenye fimbo, kichwa hakina kofia, mabega yanapanda na kushuka. Akasafisha koo.

"Andika, Bwana Afya," akasema, uso wake bado ziwani. "Kinatumika."